Mahindi ya Mstari wa Mbali

Mwizi alifunga mlango alipotoka. Hilo lilimkera Sajini kuliko wizi wenyewe. Alishafukuzana na wezi wa redio, wa nyaya za umeme na wa kuku, lakini hakuwahi kukutana na mwizi mwenye adabu kiasi hiki: kaingia ghalani kwa ufunguo, kachukua maboksi anayoyataka, kayasogeza yaliyobaki ili rafu isionekane na pengo, kisha kafunga mlango kama anayetoka kwake kwenda sokoni.

"Ndiyo maana nakwambia ni yeye," alisema Mkurugenzi wa kituo cha utafiti. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia wala kuondoka, akitazama saa yake kila baada ya sentensi. "Kufuli halijaguswa. Funguo ziko mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao mtunza ghala. Sasa Afande, hapo unapeleleza nini?"

"Napeleleza mahindi."

"Mahindi hayapo."

"Basi ndiyo hayohayo."

Mkurugenzi hakucheka. Waliokuwa wakicheka na Sajini siku hizi walikuwa wachache, na wengi wao wameshahamishwa.

Mahindi yenyewe hayakuwa ya kula. Serikali ilikuwa imeandika rasimu ya kanuni mpya za mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na kabla waziri hajatia saini, sheria ilitaka athari zake kwa mazingira zitathminiwe. Jopo likaundwa, likakaa vikao, likanywa maji mengi ya chupa, na mwishowe likaegemea jaribio moja la kituo hiki. Katikati ya shamba yalipandwa mahindi ya njano yaliyobadilishwa. Pembeni ikapandwa mistari ya mahindi meupe, mmoja karibu, mwingine mbali zaidi, na wataalamu wakaiita mitego. Upepo ukipeleka chavua ya njano kwenye mmea mweupe, punje za njano hutokea palepale katikati ya zile nyeupe, na hata mtoto anaziona. Mistari ya karibu ilitoka na madoa. Mstari wa mbali ulitoka mweupe pe. Kwa hiyo rasimu ikasema kwamba atakayepanda mahindi haya hatalazimika kuacha nafasi kubwa kati yake na jirani.

Wakulima wakaweka pingamizi. Walitaka wayaone mahindi yenyewe mezani, si picha, kwenye kikao cha wazi cha kesho. Jana yalipofuatwa ghalani, hayakuwepo. Mtunza ghala akachukuliwa na kuwekwa ndani siku hiyohiyo, na kesho asubuhi, kabla ya kikao, alikuwa anapelekwa mahakamani. Mkurugenzi alitaka jina la mwizi mapema, na jina lenyewe alikuwa ameshalichagua.

"Yaliyochukuliwa ni yale ya mstari wa mbali tu," alisema Sajini. "Meupe."

"Meupe."

"Na yenye madoa?"

"Hayo hapo nyuma yako. Hayakuguswa."

"Sasa mtu anayetaka kuziharibu hizi kanuni zenu, angeiba yapi?"

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Meupe. Ndiyo yanayotutetea."

"Kwa hiyo mwizi ni mpinzani wenu. Mtunza ghala anapinga kanuni?"

"Yule hajui hata kama kuna kanuni. Katumwa."

"Na nani?"

"Afande, mwenyekiti wa wakulima yuko kwenye chumba cha wageni na gunia lake tangu juzi. Unataka nikuchoree ramani?"

Sajini alipiga magoti, akamulika chini ya rafu kwa tochi ya simu. Vumbi, punje mbili tatu zilizotobolewa na wadudu, na huko nyuma kabisa kibanio cha nguo. Kilikuwa cha mti, na waya wake uliolegea ulikuwa umekazwa kwa uzi mwekundu. Alikiokota kwa leso akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mnafulia humu?"

"Takataka hiyo," alisema Mkurugenzi, akatazama saa.

Kabla hajatoka, Sajini alifungua boksi moja la mstari wa karibu. Mahindi yalikaa na maganda yake yamekunjwa nyuma. Kila ganda lilimalizikia kwenye ncha nyembamba iliyokauka na kujipinda. Hakujua kwa nini ameangalia maganda. Mazoea tu ya kazi, kuangalia pale ambapo hakuna aliyemwambia aangalie.

* * *

Mwenyekiti wa wakulima alikuwa peke yake chumbani, gunia katikati ya miguu, kofia juu ya gunia.

"Naomba ufungue gunia, mzee wangu."

"Mkurugenzi ndiye kakutuma?"

"Kazi ndiyo imenituma."

Mzee alifungua kamba bila haraka. Ndani mlikuwa na mahindi meupe. Moyo wa Sajini uliruka. Akachukua moja, akaligeuza, na moyo ukarudi mahali pake. Hindi lilikuwa na punje za njano huku na kule.

"Haya ni ya kwangu, ya shambani," alisema mzee. "Nataka kesho niyaweke ubavuni mwa yale yao, watu waone kwa macho yao."

"Jirani yako hakupanda mahindi ya njano ya kawaida?"

"Huenda kapanda. Mimi sijasema hii njano ni ya kwao. Nasema upepo unafika. Ni njano ya nani, hiyo kazi nawaachia wao wenye darubini."

"Juzi ulionekana nyuma ya ghala."

"Nilikuwa natafuta choo. Humu wameweka vibao vya kila kitu isipokuwa choo."

Sajini akabana midomo asicheke. Hata yeye alikuwa amezunguka jengo zima asubuhi ile kwa sababu hiyohiyo.

"Na sasa nikuulize mimi, binti yangu," mzee aliendelea. "Mtu anaombaje kuonyeshwa kitu halafu usiku wa manane akakiibe? Kesho bila yale mahindi yao mimi ni mzee mmoja na gunia. Watasema asante kwa kuja, watapiga picha na mimi, basi."

Aliyeiba mahindi meupe hakutaka kuziharibu kanuni, na hakutaka kuzilinda. Alitaka tu mahindi yenyewe yasionekane. Sajini alimwacha mzee akiyarudisha guniani moja moja, hakuna wa kumshikia mdomo wa gunia.

* * *

Kitengo cha makosa ya mazingira kilikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya Sajini, nyingine ya mwenzake, ambaye alihamishwa na nafasi yake haikujazwa. Wakubwa walisema wataangalia. Sajini aliingia, akafungua chupa ya chai, akamimina. Kikombe cha pili kilipojaa ndipo alipokumbuka, kama alivyokumbuka jana na juzi, kwamba hakuna wa kukinywa. Mkono wake ulikuwa haujapata habari za uhamisho. Leo angalau palikuwa na mahali pa kukipeleka, akakibeba mpaka mahabusu.

Mtunza ghala waliyemwita Kifunguo, kwa sababu ufunguo wa ghala hakuuvua shingoni hata siku ya harusi yake, alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ukuta. Alikitazama kikombe.

"Asante, Afande. Nikinywa kitu cha moto nitalia, na sitaki kulia hapa."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani. Halali mpaka ashike sikio langu. Sijui jana kashika sikio la nani."

Sajini aliweka kikombe chini, akaketi mkabala naye.

"Funguo za ghala ziko ngapi?"

"Mbili."

"Zilikuwa ngapi?"

Kifunguo aligusa shingo yake, pale ambapo siku zote palining'inia ufunguo.

"Tatu," alisema. "Wa tatu ulikuwa wa marehemu Bwana Punje."

Hilo jina Sajini alikuwa amelisoma kwenye ripoti ya tathmini. Mzee aliyeizalisha mbegu ile nyeupe mwenyewe, akaliongoza jaribio, akafariki baada tu ya mavuno.

"Uko wapi huo ufunguo?"

"Ulipotea. Mwaka wake wa mwisho alikuwa anapoteza vitu. Miwani, kalamu, ufunguo. Siku moja akajipoteza na yeye. Nilimkuta nyuma ya ghala, akaniuliza kwao ni upande gani. Nikamshika mkono nikampeleka hadi kwa Shangazi." Shangazi alikuwa mke wa marehemu, na kituo kizima kilimwita hivyo. "Waliotuona niliwaambia tunakagua mifereji. Afande, hilo usiliandike. Yule alikuwa mtu mkubwa."

"Unalala ndani kwa ajili ya ufunguo wa marehemu?"

"Nalala ndani kwa sababu ufunguo wangu ndio ulioonekana. Wa kwake umepotea. Ufunguo uliopotea unafungua nini?"

Sajini alitoa ripoti mkobani, akafungua ukurasa wenye picha. Mahindi ya mstari wa mbali yalikuwa yamepangwa mezani, meupe, yamejaa punje, maganda yamekunjwa nyuma. Wajumbe wa jopo wote walikuwa wameiona picha hii, na bila shaka wote waliangalia punje. Yeye aliangalia maganda. Hayakuwa na ncha. Yalikuwa yameishia ghafla, yamenyooka, kila moja.

"Haya maganda yamefanywa nini?"

"Mimi nayapokea tu, Afande. Shambani siendi."

Alipotoka alikichukua kikombe. Chai ilikuwa imeota ngozi juu, haikuguswa.

* * *

Shamba la mbegu la kituo lilikuwa upande wa pili wa barabara ya ndani. Mtafiti mmoja, msichana mwenye shahada ya pili na viatu vya mvua, alikuwa akipita kati ya mimea amebana simu kwa bega, akibishana na mdogo wake kuhusu gauni lililoazimwa likarudi na doa. Kiunoni alivaa aproni yenye mifuko ya karatasi. Mkononi alishika kisu kifupi. Aliinua mfuko uliofunika hindi changa, akakata ncha yake mara moja, akafunika tena, akaenda mmea wa pili. Muda wote huo macho yake hayakuwa kwenye kisu.

Sajini alisubiri gauni limalizwe.

"Unakata nini?"

"Ncha, Afande. Nikikata leo, kesho ndevu zitachomoza sawasawa. Nazipaka chavua ninayoitaka mimi, nafunika tena. Hapa mahindi hayajichagulii wachumba. Sisi ndio wazazi."

"Na chavua inayokuja na upepo?"

"Haiingii. Ndiyo kazi ya mfuko. Hata ukija kuimwaga kwa ndoo."

"Huo mkato unabaki?"

"Mpaka kuvuna. Maganda yanakuwa hayana vichwa."

"Mbona hata huangalii unapokata?"

Mtafiti alicheka. "Mkono unajua wenyewe. Juzi namenya kitunguu nyumbani, nikashtukia natafuta mfuko wa kukifunikia. Bwana Punje alitutia kichaa hicho sote. Alikuwa anasema, hindi likitaka kutoa ndevu, funika kwanza, maswali baadaye."

"Na ile mitego ya jaribio, nayo ilifunikwa?"

"Hapana! Ukiufunika si mtego tena. Utanasaje kitu wakati umeufunga mdomo? Hakuna mtu anaweza..."

Sajini alikuwa ameshaifungua ripoti. Mtafiti aliipokea, akaiangalia picha, kisha akaisogeza karibu na uso. Kisu kikashuka.

"Mstari wa mbali alikuwa anautunza nani?" Sajini aliuliza.

"Yeye mwenyewe." Sauti ilikuwa imepungua. "Alikuwa hataki msaidizi kule. Alikuwa anapenda kuwa peke yake. Ndivyo tulivyodhani."

Sajini aliviona tena vikombe vyake viwili juu ya meza. Bwana Punje hakudanganya mtu. Alipita mstarini asubuhi, akaona hindi linataka kutoa ndevu, mkono ukafanya kazi uliyoizoea maisha yake yote, na kichwa hakikuwepo kuuzuia. Na aliyeyaiba yale mahindi alikuwa mtu anayejua maganda yanasema nini, tena mwenye sababu ya kutotaka yaseme.

"Shangazi anakaa wapi?"

"Nyumba ile ya mwisho, nyuma ya ghala. Penye kamba za nguo."

* * *

Kwenye kamba palikuwa na shuka moja, foronya mbili na gauni moja. Vibanio vilikuwa vya mti, na vichache vimekazwa kwa uzi mwekundu. Sajini hakuhitaji kutoa kile cha mfukoni ili avilinganishe.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Karibu, mwanangu," alisema Shangazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nguo zilizopigwa pasi ingawa hakuwa anakwenda popote. "Nilijua atakuja mtu. Nilidhani watamleta mwanamume."

Sebule ilikuwa na viti viwili na meza iliyofutwa mara nyingi mno. Msumarini ilining'inia aproni yenye mifuko ya karatasi, imepangwa tayari kwa kazi. Shangazi alifungua kabati, akatoa vikombe vitatu, akavitazama, akarudisha kimoja. Sajini aligeukia dirisha ili asiwe ameona. Chai ilipomiminwa, akakiweka kibanio mezani.

"Hiki chako, mama?"

"Changu. Nilidhani kimeangukia majanini."

"Uliyatoa kwa beseni la nguo."

"Mchana kweupe, watu wamekwenda kula. Nimepita pale na beseni tangu nilipoolewa. Nani ataniangalia leo? Mwanamke mwenye beseni la nguo mbichi haonekani, mwanangu. Ungeweza kubebea serikali nzima humo."

"Na ufunguo?"

"Haukupotea. Niliuficha mimi. Alikuwa anaamka alfajiri anataka kwenda kufungua ghala, anasema mvua zimekaribia, na mvua ndiyo kwanza zimekwisha." Alizungusha kikombe bila kukinyanyua. "Wewe umeshajua lililobaki, au nikwambie?"

"Niambie."

Shangazi alitazama aproni.

"Nilimpelekea chakula kule mstari wa mbali. Nikakuta mahindi yote yana mifuko. Mimi si mtaalamu, lakini nimekula, nimelala na kuamka na mahindi. Nikamwuliza, Baba, hii si ile ya kutegea? Akaniangalia kama nimemwuliza yeye ni nani. Akasema, imetoa ndevu. Basi. Imetoa ndevu, imefunikwa."

"Hukumwambia mtu."

"Sikumwambia. Humu ndani alikuwa hajui tena mlango wa jikoni na wa chooni. Akiniita, alikuwa ananiita kwa jina la dada yake. Lakini kule mstarini alikuwa anajua kila kitu, mkono hautetemeki, mgongo umenyooka. Ningesema, wangemtoa siku ileile, wakaniletea hapa aangalie ukuta mpaka afe. Nikasema moyoni, acha. Kisha matokeo yakatoka mazuri, wakaja wote kumpa mkono. Alifurahi sana, mwanangu. Alikufa amefurahi."

"Na kanuni zikaandikwa juu yake."

"Nilijidanganya kwamba ni karatasi tu. Karatasi za serikali huandikwa na kufutwa. Sasa juzi Mkurugenzi kapita kunijulia hali, mara ya kwanza tangu mazishi, kaniambia wakulima wanataka kuyaona yenyewe. Picha huwa hakuna anayeiangalia. Lakini mpe mkulima hindi mkononi, lazima aligeuze."

"Kifunguo yuko mahabusu," alisema Sajini.

"Kifunguo yupi?"

"Huyuhuyu wa ghala. Tangu jana. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kuyaiba."

Kikombe cha Shangazi kilitua pembeni ya kisahani, chai ikamwagika mezani, na hakuifuta. "Ana mtoto mdogo."

"Yuko kwa jirani."

"Nilidhani watasema yamepotea, yaishe. Kituo hiki kila siku kinapoteza vitu." Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Hakuna aliyeniambia. Hakuna anayepita hapa akaniambia jambo lolote. Naweza kukaa wiki nzima sijasikia sauti isipokuwa ya kwangu nikizungumza na sufuria."

"Yako wapi, mama?"

Alimwongoza chumbani. Kitanda kilikuwa kikubwa, kimetandikwa vizuri, mito miwili. Upande wa dirisha blanketi lilikuwa limevimba. Shangazi alilikunjua taratibu. Mahindi yalikuwa yamelazwa juu ya shuka, hayamo kwenye maboksi, yamepangwa kuanzia kwenye mto hadi chini, maganda yote yamekatwa vichwa.

"Maboksi yalikuwa yananikwaruza," alisema. "Na upande wake ulikuwa baridi."

Kwa Sajini pia palikuwa na kitanda chenye upande mmoja usiolaliwa.

"Yakiwekwa mezani wataona yamekatwa," alisema Shangazi.

"Wataona."

"Wataona na kwa nini?"

"Hapana. Mahindi yanaonyesha mkato tu. Kwa nini, hayaonyeshi."

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, upande wake. Alichukua hindi moja, akapitisha kidole pale penye mkato.

"Wakiona mkato na wasijue sababu, watasema alidanganya makusudi," alisema. "Watasema kuna mtu alimtuma afunike. Marehemu hawezi kujibu."

"Wapo watakaosema hivyo."

"Mimi nilikuwa naogopa waseme alisahau." Alirudisha hindi mahali pake, akalinyoosha na mengine. "Kumbe afadhali waseme alisahau. Kesho nitakuja kwenye hicho kikao, niseme mwenyewe. Kwanza twende tukamtoe yule mtoto wa watu."

Waliyarudisha kwenye maboksi. Lilipobaki shuka tupu, Shangazi alilikung'uta, akaulaza mto juu, akalivuta blanketi hadi likanyooka. Kitanda kikaonekana kikubwa mara mbili.

* * *

Sajini alimpigia Mkurugenzi akiwa kaunta ya kituo cha polisi.

"Yamepatikana. Mtunza ghala wako hana kosa."

"Aa! Sasa kesho tunaweza..."

"Subiri. Mstari wa mbali haukuwa mtego. Ulifunikwa. Maganda yamekatwa yote, na kama huniamini, fungua ripoti yako mwenyewe, kwenye picha."

Zilisikika karatasi. Kisha hazikusikika.

"Basi hatujui kama chavua inafika kule au haifiki," alisema Mkurugenzi.

"Hamjui."

"Jopo zima limeegemea hapo. Sura nzima ya tathmini."

"Mtaliambia kesho."

"Itabidi tupande upya. Msimu mzima."

"Pandeni."

Kisha Mkurugenzi akasema kwa sauti ambayo haikuwa na saa ndani yake, "Marehemu ndiye aliyenifundisha kukata ncha, Afande. Na picha hii nimeiangalia kila siku."

Maelezo ya Shangazi yalikuwa na wizi ndani yake, na wizi huo ungemsubiri mpaka kikao kiishe. Sajini aliandika kwamba mama huyo atajidhamini na kulala kwake, akamketisha kwenye meza ile tupu ofisini ili asome na kutia saini. Jirani alikuwa ameshafika na mtoto. Kifunguo alipotolewa, alimkumbatia hapohapo kwenye korido, na mtoto akalishika sikio lake, akafumba macho bila kuuliza kitu.

Kifunguo angeweza kwenda zake. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akayaona maboksi, kisha akamwona aliyeketi mbele ya maboksi.

"Shangazi," alisema. "Si ungeniambia tu. Ningekufungulia."

"Ningekwambia nini, mwanangu?"

Kifunguo alivuta kiti cha Sajini, akakaa karibu na mama yule, mtoto amelala begani.

Sajini akafungua chupa ya chai. Mkono ulitoa vikombe viwili, kama kawaida yake, na safari hii vikapungua. Kimoja alimpa Shangazi, cha pili akampa Kifunguo, ambaye sasa alikunywa na kulia kwa pamoja. Yeye alinywea kwenye kifuniko cha chupa, amesimama, kwa sababu viti navyo havikutosha.